Saiti Iliyotulisha

Kwa miaka kadhaa nimekula, nimelipa kodi ya nyumba na nimenunua makochi kwa sababu mtu fulani mjini aliweka kitufe mahali pabaya. Simjui mtu huyo. Siku nikikutana naye nitamnunulia soda, na ya baridi.

Kitufe chenyewe kilikuwa kwenye saiti ya kuomba kibali cha kuuza chakula. Ofisi yenye saiti sitaitaja, maana bado nina shughuli nayo. Zamani ukitaka kibali hicho ulipanga foleni dirishani, siku ikaisha, ukarudi nyumbani umechoka lakini una karatasi mkononi. Halafu redio ikatangaza kwamba mambo yote yamehamia mtandaoni. Kila mfanyabiashara atajaza mwenyewe, kwa simu yake, akiwa kwake, akinywa chai.

Mimi nilikuwa ndio nimefungua saiba yangu mtaa wa Makina, chumba cha mabati chenye kompyuta mbili kuukuu na printa moja yenye kiburi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwajazia watu fomu. Tangazo lile liliponifikia nilikaa kitini nikaanza kufikiria nitawaelezaje watu wa kwetu magharibi, walionichangia pesa za kuanza biashara, kwamba imekufa kabla haijatambaa.

Nikampigia simu mzee aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Kitui, mwenye saiba yake Gatina, kule Kawangware, chini ya ghorofa la wapangaji, katikati ya kinyozi na kanisa. Nilikuwa nimemfanyia kazi kabla sijajitegemea, na mpaka leo nikishika kibodi vibaya husikia sauti yake.

"Mzee, tumekwisha," nikamwambia.

"Umeifungua hiyo saiti?"

"Bado."

"Ifungue kwanza, halafu ndio ulie."

Nikaifungua. Nilipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa nikaanza kucheka peke yangu. Hukuruhusiwa kuandika mwaka. Kulikuwa na kalenda inayoanza na mwezi huu tuliomo, na mshale mdogo wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Kama ulizaliwa juzi, hakuna shida. Lakini kwa mama aliyezaliwa kabla ya uhuru, ule ulikuwa msafara. Unabofya, unabofya, unapita ndoa yako, unapita ubatizo wako, na ukiteleza kidogo kalenda inakurudisha leo.

Kisha kulikuwa na kile kitufe. Kimeandikwa "Endelea", na kwenye kompyuta kilionekana vizuri kabisa. Kwenye simu, chini ya skrini, lilitokea bango la rangi ya machungwa lenye maneno "Karibu! Huduma kwa urahisi", likakaa juu ya kitufe na halikuondoka. Mtu angejaza kila kitu mpaka mwisho, akabaki anatazama anavyokaribishwa.

Nilimpigia mzee tena. Kabla sijasema neno, nikamsikia naye anacheka.

"Umeona?" akasema. "Hiyo si saiti. Hiyo ni shamba."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama anayekaanga samaki na omena Lindi, mtaa wa jirani yetu, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye nilikuwa nikinunua kwake karibu kila siku. Alikuja na simu yake ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba kitu kilichooza.

"Hii kitu inanikaribisha tangu asubuhi," akasema. "Sasa nimekaribia. Nifanye nini?"

Nikamkalisha kwenye kompyuta. Nikaandika jina lake. Jina lake, kama majina ya watu wengi wa huku, lilikuwa na kile kialama kinachokaa juu baada ya n na g, na saiti ikatoa maandishi mekundu.

"Inasema jina lako si sahihi," nikamwambia.

"Nani anasema?"

"Kompyuta."

"Ilikuwa wapi nikibatizwa?"

Nikaondoa kile kialama, jina likageuka la mtu mwingine, saiti ikaridhika. Tukafika kwenye anwani. Ilitaka nambari ya nyumba, na tarakimu tu. Yeye alikuwa akikaa nyuma ya choo cha kulipia, njia ya pili baada ya bomba, na hapakuwa na tarakimu ya mambo hayo. Nikaandika moja. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kila mwenye saiba alikuwa akiandika moja, kwa hivyo kulingana na kumbukumbu za ofisi ile, Lindi yote inaishi nyumba nambari moja, na inapika sana.

Shida kubwa ilikuwa aina ya chakula. Kulikuwa na orodha, nawe unachagua. Omena haikuwemo. Samaki wa kukaanga hakuwemo. Kitu cha pekee cha majini kilichokuwemo kilikuwa sushi.

"Sushi ni nini?" akauliza.

"Ni samaki wa Wajapani."

"Wanakaangaje?"

"Hawakaangi. Wanamla mbichi."

Aliitazama orodha tena. Huko nyuma foleni ilikuwa imeanza kujikusanya.

"Weka," akasema hatimaye. "Wakikuja kukagua nitawaambia yangu imepita tu karibu na moto."

Kibali chake kilitoka hivyo, na jina la mtu mwingine, nyumba nambari moja, muuzaji wa sushi. Alikiwekea fremu akakitundika juu ya karai la mafuta.

Baada ya huyo walikuja wote. Wa chapati, wa githeri, wa mutura ya utumbo, wa uji. Saiti ilikuwa na tabia nyingine: ukikaa kidogo ukitafuta kitambulisho mfukoni, ilikutoa nje na kuandika kwa herufi kubwa, MUDA WAKO UMEISHA. Mzee mmoja wa githeri aliposomewa maneno hayo alivua kofia. Ilibidi nimweleze kwamba ni ukurasa tu.

Biashara ikastawi, na si yangu pekee. Ng'ambo ya njia jamaa alijitangaza kuwa mtaalamu wa kufungua barua pepe, kwa sababu saiti ilitaka barua pepe na wengi hawakuwa nayo. Mwingine alikuwa akikumbusha watu nywila walizosahau, kwa kuwa alikuwa ameziandika zote yeye. Mama mmoja alianza kuuza chai kwa walio foleni. Fundi wa kulaminisha karatasi akaongeza mashine. Kuanzia Makina mpaka Gatina tulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha wenye saiba, na tulikuwa tukikutana Kawangware kwa mzee mara moja moja, tukinywa soda na kupeana mbinu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa pia mchungaji alifunga kikao kwa maombi, akamwomba Mungu abariki mikono ya wale walioitengeneza saiti. Tulisema amina kwa moyo.

Basi asubuhi moja akaingia msichana mwenye begi la mgongoni na raba nyeupe. Raba nyeupe Makina wakati wa mvua ni dalili ya mgeni.

"Niaje, madam," akasema. "Samahani, una dakika?"

Akajieleza. Alikuwa anafanya kazi katika kampuni iliyoijenga saiti. Watu walikuwa wamelalamika, naye alikuwa ametumwa azunguke mitaani, akae kwenye saiba, aone wananchi wanakwama wapi, ili irekebishwe.

Nilimpa kiti, nikageukia ukuta, nikaandika kwenye kikundi: *Kuna msichana wa kampuni hapa kwangu anataka kujua saiti ina shida gani.*

Simu ikatetemeka kama ina malaria. *Mwambie iko sawa.* *Mwambie shida ni netiweki.* *Mwambie watu wa huku hawajasoma.* Mzee wa Gatina hakuandika. Alipiga.

"Mpe chai," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba msichana angemsikia kutoka Kawangware. "Mpe na mandazi. Halafu msindikize mpaka stejini uhakikishe amepanda."

Nami nilikusudia kufanya hivyo hivyo. Nilimmiminia chai. Nikamwambia saiti ni nzuri, tunashukuru, labda rangi tu iongezwe. Aliandika kwenye simu yake. Halafu akainua uso, akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza tangu nianze kazi ile.

"Kama ingekuwa ni wewe unaitengeneza, ungeitengeneza aje?"

Ningependa kusema kwamba niliwafikiria wazee na ile kalenda. Ukweli ni kwamba niliulizwa tu, na mdomo ukafunguka. Kumbe nilikuwa nayo yote tumboni. Nilianza na bango la machungwa, nikapita kwenye kialama cha jina, nikamvutia kiti mbele ya kompyuta nikamwonyesha jinsi kalenda inavyoteleza. Nilisimama. Nilichora kwenye ubao ninaoandikia bei. Wateja wakaanza kuchangia: wa uji akalalamika kuhusu anwani, wa mutura akasimulia alivyosajiliwa kama "nyama nyinginezo". Msichana alikuwa mwepesi wa kuelewa, mengine aliyamalizia kabla sijayasema, na kwenye kalenda alifunika uso kwa mikono akasema, "Hiyo tuliambiana tutarudi tuirekebishe."

Mchana tulikuwa na njaa, nikampeleka Lindi kwa mama wa samaki. Tulikaa kwenye benchi chini ya kile kibali. Msichana alikisoma, akala kidogo, akakisoma tena.

"Mathe, wewe unauza sushi?"

"Ndiyo hiyo unakula," akasema mama wa samaki.

Msichana alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Alipotulia akatuambia kitu kwa uwazi wa mtu aliyeshiba.

"Unajua kuijenga tuliijenga haraka haraka. Kazi ya kujenga hulipwa mara moja, imeisha. Lakini kurekebisha? Hiyo ina kandarasi yake, na kila mwaka inaandikwa upya. Mimi niliandikwa kwa hiyo. Kama ingetoka ikiwa safi, singekuwa na kazi."

Nilimtazama kama mtu aliyekutana na binamu yake matangani. Siku zote nilidhani mimi niko upande huu na wao wako upande ule. Kumbe tulikuwa tunachota bomba moja.

Mama wa samaki alikuwa ameacha kugeuza samaki. Alinyoosha mwiko kwa msichana.

"Ngoja nielewe. Wewe unalipwa kwa sababu hii kitu ni mbaya."

"Eeh."

Mwiko ukanigeukia. "Na huyu analipwa kwa sababu ni mbaya."

"Eeh," nikasema, nikitazama sahani.

"Kwa hivyo mwenye analipa ni mimi peke yangu."

Akarudi kugeuza samaki. Mafuta yalikuwa yakichemka.

"Basi leo mtalipa samaki bei ya Wajapani," akasema, na akatulipisha hivyo kweli.

Mtu wa kikundi alikuwa amepita akatuona. Kufikia jioni nilikuwa nimeondolewa. Nilitazama simu, pale juu ambapo palikuwa na vicheko na picha za watoto, pakawa na mstari mmoja wa kijivu kwamba mimi si mwanachama tena. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Mzee akapiga, na hakugomba, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Nilikufundisha kazi," akasema. "Sikukufundisha kuitangaza."

Saiti mpya ilitoka baada ya miezi michache. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaipitia nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo aliodondosha. Bango lilikuwa limeondoka. Majina yetu yalikubaliwa na vialama vyake. Mwaka uliandikwa kwa vidole vyako mwenyewe. Kwenye anwani ungeweza kueleza kwa maneno, na kwenye orodha ya vyakula, mstari wa juu kabisa, ilikuwepo omena. Yale yote niliyoyachora kwenye ubao yalikuwa pale. Nilijivuna sana, nikatazama mlangoni, hapakuwa na mtu.

Wiki ile mama wa samaki alimsajili dada yake mwenyewe, kwa simu, mkono mmoja ukiwa na mwiko. Alinipigia kelele nikipita. "Njoo uone! Nimemaliza na mafuta haijapata moto!" Nilimpongeza kutoka moyoni. Halafu nikaenda nikaketi kwenye saiba yangu na ile printa, tukatazamana.

Nilianza kuchapisha programu za mazishi. Kazi ya heshima, lakini mtu hawezi kuomba iongezeke. Wa chai ya foleni alihamia kituo cha matatu. Mtaalamu wa barua pepe alinipita njiani bila kunisalimia, na Makina watu husalimiana hata wakiwa kesini. Nilikuwa nimeanza kuulizia kama kuna shule inataka karani, ndipo mama mmoja wa mandazi aliposimama mlangoni, uso umelowa jasho, simu mkononi.

"Hii kitu inasema nitoe kivuli," akasema. "Kivuli changu nitakitoa wapi?"

Nikachukua simu. Kulikuwa na ukurasa mpya. Mwombaji sasa alitakiwa ajipige picha ya uso papo hapo, mahali penye mwanga wa kutosha, nyuma yake pakiwa peupe bila kitu chochote wala kivuli, na apepese macho anapoambiwa. Mama wa mandazi alikuwa anaishi, kama sisi sote, katika chumba cha mabati kisicho na dirisha, na nyuma yake hapajawahi kuwa bila kitu. Nyuma yake kulikuwa na kabati, kalenda ya duka, nguo na mume.

Tulitoka nje. Saiti ikakataa ukuta wa mabati. Ikakataa ukuta wa matope. Tulipopata mahali pazuri alipita kuku. Alipoambiwa apepese alipepesa kwa nguvu mpaka uso wote ukakunjamana, na saiti ikasema haimtambui.

Nilikimbia nyumbani nikatoa shuka nyeupe kitandani. Nikaitundika nyuma ya mlango wa saiba, nikaning'iniza taa mbele yake, nikamkalisha. "Pepesa polepole," nikamwambia, "kama mtu anayesinzia kanisani." Alama ya kijani ikatokea. Alipotoka nje, wa githeri na wa uji, ambao vibali vyao vilikuwa vimeisha muda, walikuwa wameshafika.

Nilimpigia yule msichana. Alianza kuomba msamaha kabla sijamaliza kusalimia.

"Si mimi, nakuapia. Tulipoirekebisha, wakubwa waliangalia wakaona watu wanamaliza haraka. Wakaogopa. Walisema imekuwa rahisi sana, lazima kuna mtu anadanganya. Ndio wakaongeza picha."

"Na sasa?"

"Sasa watu wamelalamika." Akashusha sauti. "Tumepata kandarasi nyingine."

Nilirudishwa kwenye kikundi bila maneno mengi, na kikao kilichofuata niliitwa Gatina. Mzee alikuwa amepaka chokaa ukuta mzima juu ya paa la ghorofa lao, pale wapangaji wanapoanika nguo, na foleni ilishuka ngazi mpaka kwa kinyozi. Wote walikuwepo. Nilipoingia walipiga makofi.

"Huyu mwanafunzi wangu!" mzee akawaambia, ameniwekea mkono begani. "Sisi tulikuwa tunaona hapa karibu tu. Yeye alikuwa anaona mbali."

"Mzee, mimi sikuona kitu," nikasema. "Niliwaambia ukweli, wao ndio wakaharibu."

"Mnasikia?" akawaambia. "Hata hajisifu."

Nilijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuheshimiwa. Mtaalamu wa barua pepe, ambaye sasa alikuwa anakodisha mashati yenye kola kwa ajili ya picha, aliniuliza kwa siri nina mpango gani unaofuata.

Kampuni nayo ilikuja na lake. Kwa kuwa saiti ilikuwa ngumu, na kuirekebisha kungechukua muda, pesa zilipatikana kwa wafadhili za kuwafundisha wananchi kuitumia. Walitafuta wakufunzi wa mtaani. Msichana akatoa jina langu. Nikapewa fulana, kofia, na kadi ya kuvaa shingoni, na wiki moja baadaye nikajikuta nimesimama mbele ya ukumbi wa kanisa kule Gatina, umejaa mama mboga, wapishi wa vibanda na wachoma mahindi. Wafadhili walikuwa wameketi mstari wa mbele. Mzee wangu alikuwa mlangoni, akiwagawia watu kadi za saiba yake.

Nilifundisha vizuri. Nilionyesha namna ya kukaa, namna ya kushika simu, namna ya kupepesa. Watu wazima ukumbi mzima walipepesa macho pamoja, taratibu, na nadhani ilikuwa saa yangu bora katika kazi hii. Kisha nikauliza kama kuna swali.

Mwanamke mmoja wa katikati, mwenye leso kichwani na mtoto mgongoni, akasimama.

"Asante, mwalimu. Nimeelewa yote. Lakini mimi nauliza tu: badala ya kutufundisha sisi wote hawa, kwa nini wasiitengeneze tu hiyo saiti?"

Watu waligeuka kumtazama. Msichana wa kampuni alikuwa ameinamia simu yake. Wafadhili walinitazama kwa uso wa kutaka kujua. Kule mlangoni mzee alikuwa ameacha kugawa kadi, akinitikisia kichwa polepole kama mtu anayemzuia mtoto kushika jiko.

Nilirekebisha kofia yangu.

"Hilo ni swali zuri sana," nikamwambia. "Tutalijibu baada ya chai."

Kulikuwa na mandazi, mayai na ndizi, na watu walikula vizuri. Tuliporudi ndani muda ulikuwa umekwisha, ikabidi tufunge kwa maombi.